Mwenyeji wa Wapi? Uhakiki wa Elimu ya Kujitegemea na Tawasifu ya Tepilit Ole Saitoti kuhusu Mwanafunzi wa Jamii za Asili za Karatu na Ngorongoro Chuoni

Ikisiri

Makala hii inahakiki maandiko mawili yanayogusa maisha ya mwanafunzi anayetoka katika jamii za wafugaji na wawindaji wa Karatu na Ngorongoro: Elimu ya Kujitegemea ya Julius K. Nyerere (1967) na tawasifu ya Tepilit Ole Saitoti, The Worlds of a Maasai Warrior (1986). Hoja kuu ni kwamba andiko la kwanza linakemea elimu inayomng'oa mtoto kutoka kwa watu wake, lakini jamii linayoifikiria ni ya mkulima. La pili linaonyesha mfugaji aliyefika chuo kikuu bila kung'oka, lakini kwa masharti ambayo mwanafunzi wa leo hana. Kutokana na usomaji huo, makala inadai kwamba msaada unaoishia kwenye ada humweka mwanafunzi chuoni tu. Ustawi wake hutegemea kama anachokijua kutoka kwao kinahesabiwa kuwa maarifa.

1.0 Utangulizi

Kati ya bonde la Ziwa Eyasi na nyanda za juu za Ngorongoro zinakutana lugha ambazo hazisikiki pamoja kwa urahisi kwingineko barani Afrika. Ipo Kihadza yenye sauti za vidoko, ambayo wanaisimu hawajathibitisha udugu wake na lugha nyingine yoyote. Ipo Kiiraqw, iliyo ya Kikushi. Zipo Kidatoga na Kimaasai, zilizo za Kiniloti. Na ipo Kiswahili, lugha ya Kibantu ambayo ndiyo lugha ya soko la vitunguu la Mang'ola, ya ofisi za Karatu mjini na ya shule. Kijana anayetoka hapa kwenda chuoni Arusha, Dodoma au Dar es Salaam amekwisha kuvuka mipaka mingi ya lugha na desturi kabla hajapanda basi.

Mjadala kuhusu namna ya kumsaidia kijana huyu kwa kawaida huanza na fedha na kuishia hapo. Haishangazi. Kwa miaka mingi Baraza la Wafugaji la Ngorongoro lilitumia fedha zilizotoka kwa Mamlaka ya Hifadhi kuwalipia masomo watoto wa wakazi, na kwa taifa zima ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Bila fedha hizo, wengi wasingefika chuoni. Hata hivyo, swali la ada limefunika swali jingine: mwanafunzi huyo anapofika chuoni, anafika kama nani? Maandiko mawili yanayohakikiwa hapa yamechaguliwa kwa sababu yanalijibu swali hilo kwa njia zinazopingana, na kila moja linafichua upungufu wa jingine.

2.0 Neno "mwenyeji" na uzito wake

Azimio la Umoja wa Mataifa la Septemba 2007 kuhusu haki za watu wa asili liliungwa mkono na Tanzania katika kura, ingawa msimamo wa serikali umekuwa kwamba Watanzania wote weusi ni wenyeji wa nchi yao. Kwa upande wake, Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imelitumia neno hilo barani Afrika kwa maana ya jamii ambazo namna yao ya kuishi, hasa ufugaji wa kuhamahama na uwindaji, imesukumwa pembezoni na mipango ya maendeleo. Hakuna haja ya kumaliza mzozo huo hapa. Kwa uhakiki huu, maana ya kawaida ya neno la Kiswahili inatosha na inafaa zaidi. Mwenyeji ni yule anayejua mahali: anajua njia, anajua kisima, anajua nani wa kusalimiwa kwanza. Mgeni ni yule anayesubiri kuelekezwa.

Kwa maana hiyo, kijana wa Endulen au wa Mang'ola ni mwenyeji aliyegeuzwa mgeni, na chuo ndicho mwenyeji wake mpya. Ukarimu wa Waswahili una kanuni yake inayofahamika: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inamtaka mgeni aingie katika kazi za nyumba ili aache kuwa mgeni. Ugumu unaanza pale mgeni anapokuwa mtu ambaye kwao hakuna jembe.

3.0 Elimu ya Kujitegemea: jamii ipi?

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Ukosoaji wake wa elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni bado haujapitwa. Alieleza kwamba elimu hiyo ilikuwa ya wachache, kwamba ilimtenga mwanafunzi na jamii aliyopaswa kuitumikia, na kwamba ilimfundisha kuamini kuwa maarifa yote ya maana yamo vitabuni au kwa watu waliosoma, huku ujuzi wa wazee ukidharauliwa. Ni vigumu kupata maelezo yanayokaribia zaidi hali ya kijana wa Kihadzabe anayeambiwa darasani kwamba baba yake "hajui kitu", ilhali baba huyo anaweza kusoma nyayo za mnyama aliyepita usiku na kueleza alikuwa na haraka au la.

Hata hivyo, andiko linapotoka kwenye kukosoa na kuingia kwenye kupendekeza, jamii inayozungumzwa inapata sura mahususi. Ni kijiji cha wakulima. Shule inatakiwa kuwa na shamba au karakana, mwanafunzi ajifunze kwa kulima, na anayehitimu arudi kijijini kuwa mkulima bora. Mhimili wa mfano wote ni shamba. Kwa mtoto wa Karatu ambaye wazazi wake Wairaqw wanalima na kufuga kwa pamoja, mfano huo una maana. Kwa mtoto wa boma la Nainokanoka haukuwa na maana hiyo. Kilimo ndani ya eneo la hifadhi kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, kisha kikakatazwa upya mwaka 2009. Kwa miaka mingi, basi, serikali iliyomfundisha mtoto shuleni kwamba heshima ya raia iko kwenye jembe ndiyo iliyomkataza kulishika nyumbani kwao.

Haitoshi kudai kwamba Nyerere aliwasahau wafugaji. Kilicho kizito zaidi ni kwamba wafugaji na wawindaji hawakusahaulika. Walionekana kama watu wanaosubiri kuwa kitu kingine. Mwaka 1965 Wahadzabe walipelekwa Yaeda Chini ili waishi katika makazi ya kudumu. Wengi waliugua, baadhi walifariki, na waliobaki walirudi porini. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mkoani Arusha, iliendeshwa kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega na kuvaa suruali. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Imparnati, iliyolenga kuwaweka wafugaji vijijini. Ukiisoma Elimu ya Kujitegemea sambamba na matukio hayo, unaona mgongano ulio ndani ya kipindi kimoja na serikali moja: shule inakatazwa kumtenga mtoto na jamii yake, na wakati huohuo jamii yenyewe inatakiwa iache kuwa ilivyo.

Kulikuwa na nafasi moja ambayo utamaduni wa jamii hizi uliruhusiwa kuonekana, nayo ni jukwaa. Tangu serikali ilipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962, ngoma za makabila zilihesabiwa kuwa hazina ya taifa. Vyuo vimerithi mgao huo wa kazi. Siku ya utamaduni mwanafunzi wa Kimaasai huombwa avae shuka na kuruka; kesho yake, katika mhadhara wa usimamizi wa malisho, haombwi kueleza chochote.

4.0 Saitoti: aliyefika chuoni akiwa mtu mzima

Tepilit Ole Saitoti alizaliwa mwaka 1949, akalelewa katika familia ya wafugaji, akapitia jando na umorani, na akafanya kazi katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alionekana katika filamu ya National Geographic, Man of Serengeti. Baadaye alisoma Marekani, katika Chuo cha Emerson mjini Boston na Chuo Kikuu cha Michigan, ambako masomo yake yalihusu maliasili. Aliandika maelezo ya kitabu cha picha Maasai (1980) pamoja na mpigapicha Carol Beckwith, na mwaka 1986 ikatoka tawasifu yake jijini New York.

Sehemu ya tawasifu inayosomwa zaidi ni ile ya jando, ambayo imechapishwa peke yake katika mikusanyiko mingi ya fasihi. Wasomaji wa nje huipenda kwa kisu na damu. Inaposomwa kwa jicho la malezi, linaloonekana ni mpangilio wa watu. Kijana hapimwi peke yake. Baba, ndugu, majirani na wenzake wa umri mmoja wote wamewekwa rehani pamoja naye, kwa kuwa akitikisika, aibu ni ya nyumba nzima. Akistahimili, anapewa mifugo na watu walewale waliokuwa wakimkazia macho. Mtihani huu ni mgumu kuliko wowote wa chuo, lakini una kitu ambacho mtihani wa chuo hauna: jamii inayoutoa ndiyo inayomuuguza mtahiniwa baada yake.

Jambo la kuzingatia ni utaratibu wa matukio. Saitoti aliingia chuoni baada ya kukamilishwa utu uzima na watu wake. Alikuwa na rika. Katika desturi ya Wamaasai, rika ni bima ya maisha: morani haruhusiwi kunywa maziwa peke yake, sharti awe na mwenzake wa rika. Mtu wa namna hiyo anapoingia katika ukumbi wa chakula wa chuo cha mbali anaweza kuwa mpweke, lakini hana shaka yeye ni nani. Neno "dunia" katika jina la kitabu chake liko katika wingi, na wingi huo unatokana na mpangilio huu: dunia ya kwanza ilikuwa imekamilika kabla ya pili kuanza.

Mwanafunzi wa leo hufuata mpangilio wa kinyume. Katika wilaya za wafugaji, shule za msingi za bweni zimekuwa njia kuu ya kuwapata watoto ambao makazi yao yametawanyika. Kwa Wahadzabe wa Karatu, shule ya bweni ya Endamaghan imefanya kazi hiyohiyo. Mtoto anaondoka nyumbani kabla hajajua majina ya majira na mimea, anarudi likizo kwa wiki chache, na sherehe za rika hazisubiri kalenda ya wizara. Anapofika chuoni hana dunia mbili. Ana nusu ya moja na nusu ya nyingine. Wanaomshauri wakimwambia "usisahau kwenu", wanamtaka akumbuke mambo ambayo hakupewa muda wa kujifunza.

5.0 Ukimya ndani ya tawasifu

Tawasifu hii haiwezi kuchukuliwa kuwa kielelezo cha kila mwanafunzi wa eneo hili. Kwanza, ni ya mwanamume. Kwa msichana wa Ngorongoro, desturi ya kuingia utu uzima ilifungamana na ukeketaji, ambao sheria ya mwaka 1998 iliufanya kuwa kosa kwa walio chini ya miaka 18, na mara nyingi ilifuatiwa na ndoa. Kwake bweni lililolaumiwa hapo juu laweza kuwa kimbilio. Hii inaonyesha hatari ya kuuzungumzia ustawi wa kitamaduni kana kwamba utamaduni ni kifurushi cha kupokewa au kukataliwa kizima. Msichana aliyekimbia ndoa bado anamhitaji mama yake, lugha yake na nyimbo za nyumbani. Chuo kinachomtaka achague kati ya usalama na ukoo kinamwongezea jeraha.

Pili, Wahadzabe hawana tawasifu ya aina hii iliyojulikana kwa kiwango hicho. Yaliyoandikwa juu yao yameandikwa zaidi na wageni. Miongoni mwa hayo, makala ya mwanaanthropolojia James Woodburn ya mwaka 1982 kuhusu jamii za usawa ina hoja yenye uzito kwa mada hii. Woodburn anaonyesha kwamba kwa Wahadzabe mwenye kingi huombwa, hutoa, na utoaji huo haumfanyi aliyepokea kuwa mdeni. Hoja hiyo ikiwekwa karibu na fomu ya mkopo wa elimu ya juu, mgongano unaonekana wazi. Mkopo humjua mtu mmoja mwenye jina lake, cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA na deni lake. Mwanafunzi anayepokea fedha ya kujikimu, ile wanayoiita "bumu", katika mizani ya nyumbani amekuwa mtu mwenye kingi. Akiwagawia ndugu, chuo humwona asiyejua kupanga matumizi. Asipowagawia, nyumbani huonekana mchoyo. Mshauri wa wanafunzi asiyejua mizani ya pili atatibu uzembe ambao haupo.

Tatu, Saitoti aliandika kwa Kiingereza na kuchapishiwa ng'ambo. Msomaji aliyekusudiwa anahitaji kuelezwa Mmaasai ni nani. Kwa hiyo hata pale anapojitetea, msimulizi hulazimika kujionyesha, na kwa kiasi fulani jukwaa la siku ya utamaduni linamfuata hadi ndani ya kitabu.

6.0 Lugha: somo la Ngũgĩ lililosomwa nusu

Mwaka huohuo wa 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Decolonising the Mind, kitabu kinachodai kwamba mtoto anayefundishwa kwa lugha ya mkoloni hupasuliwa kati ya lugha ya nyumbani na lugha ya elimu. Wanazuoni wa Kiswahili wamekitumia kwa haki kutetea Kiswahili dhidi ya Kiingereza katika sekondari na vyuo. Lakini utetezi huo, ukisomewa Endulen, unaacha jambo moja bila jibu. Lugha ya nyumbani huko ni Kimaasai. Mtoto hupasuliwa mara mbili: anapoanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, na anapoingia sekondari kwa Kiingereza. Ushindi wa Kiswahili chuoni, ukija, utampunguzia mpasuko mmoja na kuuacha mwingine.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina inayofaa kutafitiwa na kuhifadhiwa. Kuhifadhi, hata hivyo, ni lugha ya makumbusho. Mwanafunzi wa isimu anaweza kuandika tasnifu juu ya vidoko vya Kihadza wakati mzungumzaji wa Kihadza aliyeketi karibu naye anaona haya kupokea simu ya mama yake mbele ya wenzake. Wanaotetea Kiswahili wana wajibu wa pekee hapa, kwa kuwa wanayajua maumivu ya kuambiwa kwamba lugha yako haifai kwa elimu. Itakuwa ajabu wakiyasambaza.

7.0 Athari kwa vyuo

Usomaji huu una maana tatu za kivitendo. Ya kwanza ni kwamba msaada wa kitaaluma na wa kitamaduni haupaswi kugawanywa kati ya ofisi mbili. Wamaasai wa Ngorongoro huepuka nyanda za majani mafupi wakati nyumbu wanapozaa, kwa kuwa wanajua ugonjwa ambao ng'ombe huupata kutoka kwa nyumbu katika msimu huo. Hutenga pia olopololi, malisho ya ndama karibu na boma. Hayo ni maarifa ya tiba ya mifugo na ikolojia. Mhadhiri anayemwalika mwanafunzi kuyaleta darasani, yapimwe na kuhojiwa kama maarifa mengine, amemsaidia kitaaluma na kiutamaduni kwa tendo moja. Saitoti alisomea maliasili ng'ambo, ilhali alilelewa kati ya watu waliokuwa wakizisimamia kila siku. Safari kama hiyo ingekuwa fupi zaidi kama vyuo vya nyumbani vingetambua ilikoanzia.

Ya pili ni kwamba rika linaweza kuhamia chuoni. Umoja wa wanafunzi wanaotoka eneo moja kwa kawaida huonwa kwa shaka, kama ukabila. Shaka hiyo ina historia na haipaswi kupuuzwa. Lakini kumpangia mwaka wa kwanza mwenzake wa mwaka wa tatu anayezungumza lugha yake si kuvunja umoja wa taifa. Ni kumpa mgeni mwenyeji. Huko Marekani, Wanavajo walikwenda mbali zaidi na kuanzisha chuo chao wenyewe mwaka 1968, miaka michache tu kabla ya Saitoti kwenda kusoma katika nchi hiyohiyo. Kwa watu wachache kama Wahadzabe njia hiyo haiwezekani kwa sasa, lakini kanuni yake, kwamba jamii iwe na sauti katika kile chuo kinachofundisha juu yake, haihitaji majengo mapya.

Ya tatu ni nzito zaidi. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro liliundwa mwaka 1959 likiwa na ahadi ya kuwa makazi ya watu na ya wanyama kwa pamoja, na wafugaji waliotoka Serengeti walipokelewa humo. Tangu Juni 2022 familia zimekuwa zikihamia Msomera, wilayani Handeni. Serikali imesema kuhama huko ni kwa hiari, na wakazi wengi wamekupinga. Vyovyote mzozo huo utakavyoamuliwa, mwanafunzi aliyeko chuoni wakati huu anaishi na swali ambalo fomu zote humuuliza kwa wepisi: anwani ya nyumbani. Hajui likizo ijayo atapanda basi la kwenda wapi. Kumshauri kijana huyo "azingatie masomo" ni kudhani kwamba wasiwasi wake uko nje ya masomo.

8.0 Hitimisho

Elimu ya Kujitegemea ilitambua ugonjwa na kuandika dawa kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu, mkulima. Tawasifu ya Saitoti inaonyesha kwamba mfugaji anaweza kuvuka hadi chuo kikuu akabaki mtu wa watu wake, mradi ameondoka nyumbani akiwa amekwisha kupewa nyumbani huko. Baina ya maandiko hayo amesimama mwanafunzi wa sasa wa Karatu na Ngorongoro, aliyepewa ada na kunyimwa muda, aliyesifiwa ngoma yake na kutoulizwa anachokijua. Chuo hakiwezi kumrudishia utoto aliouacha bwenini wala kumhakikishia ardhi ya wazazi wake. Kinaweza kuacha kumfanya mgeni wa kudumu. Siku ya tatu imekwisha kufika zamani. Kinachosubiriwa ni chuo kumuuliza mgeni kwao hufanya kazi kwa kutumia nini, kabla ya kumkabidhi jembe.